Mpira wa Presha

Boksi la pili lilipokataliwa, Blessing alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. Blessing ni msimamizi wa mawakala kwenye kampuni inayouza vitu kwa njia ya simu, na mimi, Eliufoo, ni wakala wao hapa Same. Kazi yenyewe haina ufundi mwingi. Mtu anachagua kitu kwenye simu, analipa, kitu kinapakiwa kwenye basi, mimi nakipokea stendi na kumpelekea mwenyewe kwa pikipiki yangu, hata kama mwenyewe yuko juu Chome, milimani kwenye ukungu.

"Kaka Eliufoo," akasema, "mwisho ni marejesho matatu. Likirudi la tatu, uwakala tunampa mwingine. Na hapo jirani yako kuna mtu ameshaomba."

Sikuuliza ni nani. Paschal, mwenye mashine ya fotokopi, alikuwa ameanza kukipima kibanda changu kwa macho tangu Pasaka. Kibanda ni mali ya kampuni, cha bati, rangi ya machungwa, lakini kinanilisha mimi na kusomesha watoto wawili sekondari. Kabla yake nilikata mkonge miaka kumi na moja. Sina hamu ya kuurudia.

Marejesho mawili yote yalitoka Chome, na yote kwa wazee. Mzee Yona aliagiza viatu, vikaja vyote viwili vya mguu wa kushoto. Huyo sikumlaumu, ingawa nilimwomba avijaribu kwanza. Mama Lukia aliagiza redio. Nilipomwuliza jina ili niandike, akasema mtu anayebeba kitu chake kutoka Dar mpaka mlangoni bila kumjua jina ni mwizi, akafunga mlango.

"Wazee wako hawana elimu ya mtandao," Blessing akasema. "Waelimishe. Nakutumia mwongozo, una vipengele nane."

Hivyo ndivyo kampuni yenye wasomi ghorofa nzima ilivyomtuma mtu aliyeishia darasa la tano akatoe elimu.

Jumapili nikapanda Chome. Baada ya ibada, mwinjilisti akatangaza kwamba wazee wa usharika wabaki, kuna semina ya kununua vitu kwa simu bila kuibiwa. Wakabaki arobaini hivi. Wengine, nadhani, walisikia neno semina wakategemea soda. Mstari wa mbele, daftari mapajani na kalamu imeshafunguliwa, alikaa Mwalimu Yudith.

Mwalimu Yudith alinifundisha darasa la nne na la tano. Mara ya mwisho mimi kusimama mbele yake nilikuwa nimeshika masikio. Sasa ana miaka sabini na nne, amestaafu zamani, lakini kustaafu kwake ni kwenye karatasi tu.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema kabla ya kuanza.

"Marahaba, Eliufoo. Simama wima, hatukuoni."

Nikaanza. Nikawaambia bei ikiwa ndogo kupita kiasi wajiulize kwa nini. Nikawaambia muuzaji akisema lipa pembeni, kwenye namba yake binafsi, hapo hakuna muuzaji. Nikawaambia wale wanaoandika "ile hela tuma kwenye namba hii" wasiwajibu kabisa.

"Mimi huwa nawajibu," akasema Mzee Loth, mume wa Mwalimu. "Nawauliza ni hela ipi."

"Msiwajibu, baba. Na namba zenu za siri msizitoage."

"Msizitoe," akasema Mwalimu Yudith, akiandika.

"Msizitoe. Halafu kuna namba ya kupokelea. Hii ni nyingine. Mzigo ukifika, kampuni inakutumia ujumbe wenye tarakimu nne. Unampa wakala, anaziingiza kwenye simu yake, na hela yako inakwenda kwa muuzaji. Kabla ya hapo inakaa kampuni."

Mwalimu akanyoosha kidole. Mtu wa miaka sabini na nne, mbele yangu, akanyoosha kidole. Naapa mgongo wangu ulinyooka wenyewe.

"Nikishakupa namba, halafu nikafungua boksi nikakuta jiwe?"

Jibu lilikuwa kipengele cha sita: mteja atoe namba kwanza, afungue baadaye, akiwa na malalamiko apige makao makuu. Nilikuwa nimekishika mkononi. Lakini wazee arobaini walikuwa wananitazama, mwinjilisti alikuwa anatikisa kichwa kwa kunikubali, na katika maisha yangu hakuna aliyewahi kuandika nilichosema kwenye daftari. Kichwa kikanivimba.

"Usitoe namba mpaka uone kilichomo!" nikasema. "Usimpe mtu yeyote. Hata mimi nikija, msinipe. Hata nikipiga magoti. Hata nikilia!"

Mwalimu Yudith akainuka, akawageukia wenzake.

"Tumeelewa? Eliufoo akija?"

"Hatumpi!"

"Akipiga magoti?"

"Hatumpi!"

"Akilia?"

"Hatumpi!"

Hilo la mwisho walilisema kwa furaha ambayo sikuipenda.

Tulipokuwa tunatoka, akaniambia kuna kitu ataagiza. Mzee Loth ana presha, na kila baada ya wiki mbili hushuka Same kupimwa. Barabara ile ukiipita unafika chini moyo umehamia kooni. "Wanampima presha ya barabara," akasema. "Mimi nataka presha ya Loth." Alitaka awe na mashine yake nyumbani.

Boksi lake lilifika baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi. Nikasoma jina, nikalinyanyua, nikajua.

Mashine za presha nilishapeleka mbili kabla ya hapo, najua uzito wake. Ni kama kilo ya sukari. Hili lilikuwa kama kandambili moja. Nikalitikisa. Kitu kikateleza ndani, taratibu, halafu kimya. Mwalimu wangu alikuwa ameibiwa.

"Vipi, la tatu hilo?" Paschal akaniuliza, ameegemea mashine yake ya fotokopi.

"Hili halirudi."

"Mimi sijasema kitu, kaka. Naulizia tu. Kile kibanda ndani kina soketi ngapi?"

Nikawasha pikipiki, na njia nzima nikawa najipangia. Nitafika, nitasalimia, nitachukua namba haraka, nitaingiza, ndipo nitampa boksi. Akikuta jiwe, atapiga makao makuu, maana malalamiko si kazi ya wakala. Nilisema hivyo kwa sauti ndani ya helmeti mara kadhaa. Malalamiko si kazi ya wakala. Ni kweli kabisa, imeandikwa kwenye mkataba.

Kabla sijafika kijijini nikakuta barabara imejaa watu. Mvua ilikuwa imekata ukingo, na siku hiyo ilikuwa msaragambo. Kwa asiyetufahamu sisi Wapare: kijiji kinapiga mbiu, kila nyumba inatoa mtu na jembe, kazi inafanywa kwa pamoja bila malipo. Na anayepita hapiti mikono mitupu. Nilikuwa nimepanga kumkuta Mwalimu peke yake, bila mashahidi. Walikuwepo watu kama sitini.

Mwalimu Yudith hakuwa na jembe. Alikuwa na daftari la mahudhurio.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuletea mzigo wako."

"Marahaba. Makarai kumi kwanza."

Nikabeba makarai kumi ya mawe, helmeti kichwani. Mzee Loth alikuwa amekaa juu ya jiwe, amekatazwa kazi kwa sababu ya presha, kwa hiyo alikuwa anasimamia. Alinihesabia tisa mara mbili. Nilipomaliza, nikalitoa boksi kwenye kikapu cha pikipiki na kumsogelea Mwalimu, nikashusha sauti.

"Mwalimu, nisomee ile namba iliyokuja kwenye simu. Nataka kuwahi."

Akafunga kalamu.

"Namba gani?"

"Ya kupokelea."

Akageuka. "Jamani! Eliufoo amekuja!"

"Hatumpi!" wakaitikia, majembe yakiwa hewani.

"Mwalimu, ile ilikuwa mfano tu."

"Mfano wa nini?"

"Wa mwizi."

"Ukasema hata wewe." Akafunua daftari nyuma ya mahudhurio. Ukurasa ulikuwa na tarehe, na kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa rula: Somo la Eliufoo. "Nakusomea ulivyosema. Usitoe namba mpaka uone kilichomo. Umesahau somo lako?"

"Utaratibu wa kampuni ni namba kwanza."

"Kwa hiyo kanisani ulitudanganya?"

"Piga magoti tuone!" akapaza sauti Mama Lukia, yule wa redio.

"Muacheni, bado kulia!" akasema Mzee Yona.

Watu wakacheka, mimi nikasimama pale na boksi jepesi mkononi. Ningeweza kuondoka nalo. Lingekuwa la tatu. Ningeweza kulifungua mwenyewe, na hilo pia limekatazwa: wakala akifungua boksi ambalo halijapokelewa, ni kama amelila. Nikatazama chini kule bonde linakokwenda mpaka Same, nikawaza mkonge. Halafu nikatoa kisu nikakata gundi, kwa sababu watu sitini wenye majembe walikuwa wananitazama na sikuwa na wazo lingine.

Ndani kulikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko mpira mweusi wa duara, mwembamba, mpana kama sahani.

Nikaweka uso wa msiba. "Mwalimu, pole sana. Umeibiwa."

Mzee Loth akaupokea, akaugeuza. "Huu unavaliwa wapi?" Akaupitisha kwenye mkono, ukapanda mpaka begani. Akaupitisha kichwani, ukakaa shingoni. "Sasa nipimeni," akasema.

Asteria ndiye aliyetuokoa, kama ni kuokolewa. Amepika miaka mingi kwenye hosteli ya wasichana huko mjini.

"Mzee Loth, uvue huo! Huo ni mpira wa sufuria ya presha. Unakaa kwenye mfuniko, mvuke usitoke. Yaani umevaa maharage!"

Mtu mmoja ilibidi akae chini kwa kucheka. Mwalimu Yudith peke yake hakucheka. Akatoa miwani, akatoa simu, akatafuta alichoagiza, akasoma kwa sauti ile ile ya imla, neno kwa neno:

"Mpira wa presha. Imara. Haupitishi mvuke."

Akashusha simu. "Nesi anaposema lete mkono nikufunge mpira, si ndio mpira wa presha? Nikajua mashine inakuja na mpira wake."

"Na mvuke, Mwalimu?" Asteria akauliza.

"Nilidhani ni jasho."

Hapo hata mimi nilicheka. Nilijutia mara moja, maana alinigeukia.

"Eliufoo. Wewe umesema nimeibiwa kabla Asteria hajasema ni kitu gani. Ulijuaje?"

"Nimeona tu ni mpira."

"Uso ulishauandaa kabla hujafungua huo mfuko. Ulijua?"

Mimi uongo nautumia kazini, lakini wa mbele ya Mwalimu Yudith ulishanishinda nikiwa na miaka kumi na moja.

"Nilijua ni jepesi."

"Tangu lini?"

"Tangu Same."

"Na ukataka namba."

"Nikataka namba."

"Ningekupa, ungeingiza?"

"Ningeingiza."

Kicheko kikaisha. Mtu mmoja akaendelea kuchimba peke yake, akaona wenzake wamesimama, naye akaacha. Ni afadhali angenichapa.

"Kwa nini?" akauliza.

"Hili likirudi ni la tatu. Wananinyang'anya uwakala wanampa Paschal wa fotokopi. Mimi narudi kwenye mkonge."

Sikuwa nimekusudia kusema la mkonge. Nilivyosema, Mzee Yona, aliyerudisha viatu viwili vya kushoto, akatazama pembeni. Mama Lukia akaanza kufunga upya kanga yake.

"Mrudishie tu, Mwalimu," mtu mmoja akasema. "Alitaka kukula."

"Ni kweli alitaka," Mwalimu akajibu. Akafikiri kidogo, akiupiga piga ule mpira kwenye kiganja. "Lakini aliyeniuzia hakunila. Nimeandika mpira wa presha, umekuja mpira wa presha. Mtoto akiandika jibu silo, simnyimi maksi mwalimu. Nyie endeleeni na kazi."

"Mwalimu, unaweza kuurudisha," nikasema. Sijui kwa nini nilisema. "Ni haki yako. Hela yako iko kampuni bado."

"Najua ni haki yangu, nimeiandika hapa. Nipe hiyo simu yako."

"Niambie namba niingize..."

"Nipe simu, geuka huko."

Nikageuka. Wanawake watatu wakamzunguka kama mtu anayejifungua njiani. Ilichukua muda mrefu. Nilisikia akisema "huyu sifuri yuko wapi?" na Asteria akimwambia asibonyeze kwa ukucha. Mwisho simu ikalia, nikarudishiwa, kioo ni kijani: Mzigo umepokelewa. Mpaka leo hizo tarakimu nne sizijui.

Mpira akampa Asteria, ambaye hana sufuria ya presha.

"Sasa," Mwalimu akaniambia, "karai."

Nikafanya kazi mpaka saa kumi. Alinisomea jina kwenye mahudhurio, akaniandika chini kabisa, baada ya Yudas Mfinanga ambaye alikuwa hajafika. Nilipokuwa nanawa mikono, akaja na kipande cha ugwe wa mgomba. Alikuwa amemzungushia Mzee Loth mkononi, juu ya kiwiko, akafunga fundo mahali ulipokutana.

"Jumatatu nenda duka la dawa. Waambie mashine ya kupima presha, yenye mpira wa kuenea mkono huu. Iwashwe mbele yako. Risiti uniletee. Na usiniagizie kwenye simu."

"Mwalimu, kwenye simu nitakupatia bei nzuri zaidi..."

"Eliufoo."

"Sawa, Mwalimu."

Wengine walikuwa wanasikiliza. Mama Lukia akasema kama nakwenda dukani, basi na redio, ndogo, yenye mkono wa kubebea. Mzee Yona akavua viatu, akakanyaga mfuko mtupu wa saruji, akachorewa miguu yote miwili kwa mkaa, akaandika mwenyewe "kulia" kwenye ule wa kulia, na akaupigia mstari. Nilishuka Chome siku ile na maagizo saba, yote ya mdomo na ya karatasi, hakuna hata moja la simu.

Mashine niliipeleka, ikaenea. Tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada Mwalimu Yudith anapima usharika mzima na kuandika kwenye daftari. Mwinjilisti ana 128, ameandikiwa "vizuri". Mzee Loth ana 160, ameandikiwa "arudie".

Miezi mitatu baada ya ule msaragambo Blessing akapiga tena. Alinikuta kwenye duka la viatu, mikononi nina miguu ya mtu mwingine kabisa, maana habari za mfuko wa saruji zilishaenea.

"Kaka Eliufoo, hongera! Tangu ile semina hujarudishiwa hata boksi moja. Kanda nzima wewe ndiye wa kwanza. Hakuna hata mzee mmoja wa Chome aliyeibiwa. Umewafundishaje?"

"Wameelewa tu, dada."

"Bosi anataka uje Moshi uwafundishe mawakala wenzako. Tutakupa cheti." Nikamsikia anabonyeza bonyeza kompyuta yake. "Subiri kidogo. Ila naona na mauzo ya Chome ni sifuri. Baada ya mpira mmoja wa presha, miezi mitatu, hakuna aliyenunua chochote."

Muuza viatu alikuwa anangoja nimwambie kama ni ngozi au plastiki. Nikamwonyesha ngozi.

"Huko juu mtandao unasumbua," nikasema.

Nikasubiri aseme jina la Paschal.

"Kuhusu marejesho tuna sera," akasema. "Kuhusu wakala asiyeuza kitu, sera bado haijaandikwa. Ikishapita nitakupigia."

Nikamwambia sawa, nikakata simu, nikamwomba muuzaji namba arobaini na mbili, jozi moja, mguu wa kushoto na wa kulia.